Mikono ya Mwasiti

Kofi lilitua kabla Subilaga hajatambua kwamba amekasirika.

Alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, Mbeya, mtungi mkubwa ukizunguka mbele yake juu ya gurudumu la umeme. Ulikuwa umebakiza shingo tu. Mhudumu wake, Mwasiti, alikuwa ameketi nyuma ya kiti cha magurudumu cha Subilaga, juu ya stuli ndefu, mikono yake imepitishwa chini ya kwapa za Subilaga hadi kwenye udongo. Mtu akiwatazama kwa mbele angeona mwanamke mmoja anayefinyanga.

Mwasiti alipiga chafya. Goti lake likagonga kiti, ukuta wa mtungi ukapinda, na kazi ya asubuhi nzima ikajikunja na kulala juu ya gurudumu.

Subilaga alihisi tu damu ikimpanda kichwani. Kisha mkono wa kulia ukachomoka kwenye udongo, ukapita juu ya bega lake kwenda nyuma, na kwenye kiganja akahisi, waziwazi kabisa, shavu la mtu. Lilikuwa laini, lina vuguvugu, na mfupa chini yake.

Mkono ulikuwa wa Mwasiti. Shavu nalo lilikuwa la Mwasiti.

Mama yake Subilaga alikuwa mlangoni anachambua maharage. Sinia lilimponyoka.

"Nani kakupiga?" aliuliza, ingawa aliona kila kitu.

"Hakuna kitu, mama," Mwasiti alijibu. Halafu akainama karibu na sikio la Subilaga. "Nisamehe, dada. Tuanze upya? Udongo unakauka."

Ile sauti ndiyo iliyomtia Subilaga baridi. Haikuwa na hasira wala mshangao. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemwagikiwa maji kidogo na kuyafuta.

"Geuza kiti," Subilaga alisema. "Mama, nigeuze. Nataka kumwona."

Alama za vidole vyenye udongo zilikuwa zimebaki shavuni, vinne vimepangana, na machozi yalikuwa yanamtoka Mwasiti jicho moja tu, lile la upande uliopigwa.

Kola iliyokuwa shingoni mwa Subilaga ilikuwa na uzito wa mkufu. Ilizichukua zile amri ambazo ubongo wake uliendelea kuzituma kwenye mikono tangu siku alipoanguka kutoka juu ya tanuri, amri zilizokwama kwenye uti wa mgongo uliovunjika, na kuzirusha kwenye soksi mbili nyembamba za kijivu alizovaa Mwasiti kuanzia mabegani hadi vidoleni. Soksi ziliivuta misuli ya Mwasiti. Na zilirudisha kitu: ubaridi wa maji, chembe za mchanga, utelezi wa udongo. Maumivu peke yake hayakupita. Kampuni, iliyoitwa Mkono Mwema, ilieleza kwamba mhudumu hasikii lolote, kwamba mikono yake hulala usingizi mwepesi huku mteja akiitumia.

Kulikuwa na neno la kuzima. Subilaga alifundishwa siku ya kwanza na hakuwahi kulitumia. Kila jioni mama yake alimvua kola tu, soksi zikabaki zimemshikilia Mwasiti hadi alipofika kwenye bweni la wahudumu.

"Pumzika," Subilaga alisema.

Kola ikatoa mlio mfupi. Kiganja kikamtoweka, kisha vidole, kisha kila kitu chini ya shingo kikarudi kuwa kimya. Mbele yake mikono ya Mwasiti ilianguka na kuning'inia kando ya stuli. Mwasiti alijaribu kuinyanyua ili ajifute uso. Ilifika kifuani, ikatetemeka, ikaanguka tena.

"Mikono yako ina nini?"

"Itarudi, dada. Huwa inachukua muda."

"Huwa? Kila siku?"

"Kule bweni tunavuana kwa zamu. Aliyevuliwa kwanza, mikono ikimrudia, ndiye anayewalisha wenzake."

Mama alishika mdomo. Subilaga alitaka kuuliza jambo moja na aliogopa jibu lake.

"Walituambia huhisi chochote."

Mwasiti aliangalia chini. "Udongo wa leo una mchanga mwingi kuliko wa juzi," alisema. "Na maji ya ndoo ile ni ya baridi sana."

"Siku ile niliposhika sufuria ya ugali bila kitambaa."

"Nilihisi."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulisema hujasonga ugali tangu uumie." Kisha akaongeza kama mtu anayemfariji mwenzake, "Wewe ni mwema, dada. Wengine niliowahudumia walinipiga kila wiki."

*

Ukumbi wa mafunzo wa kampuni ulikuwa Iyunga, na kozi iliitwa Mteja Mwenye Mamlaka. Kila mteja mpya alitakiwa kuimaliza. Subilaga alikuwa ameipenda kuliko kitu chochote kilichompata tangu ajali.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kola, alioshwa na binamu yake aliyekuwa anaongea na simu huku akimsugua, akimgeuza kama anageuza godoro. Alikunywa maji watu walipokumbuka. Akisema maji ya kuoga ni ya moto mno, alijibiwa kwamba ana bahati ya kupata watu wa kumhudumia. Kisha akaja kwenye ukumbi huu na kumsikia Mwalimu Gwamaka akisema, siku ya kwanza, "Mwili ni wako. Anayejua unavyotaka kuoshwa ni wewe. Kusema unachotaka si ukorofi." Subilaga alilia mbele ya watu, na mkono wa Mwasiti ukamfuta machozi bila yeye kuomba.

Mwalimu Gwamaka naye alikuwa mteja. Alikaa kwenye kiti chake jukwaani, na nyuma yake alisimama mhudumu mrefu aitwaye Mazengo, amevaa miwani nyeusi na vizibo vya masikio vyenye muziki. Mikono ya Mazengo ilitokeza chini ya kwapa za mwalimu na kuongea naye: ilinyoosha kidole, ilikuna kidevu cha mwalimu, ilirekebisha tai. Wiki zote zile Subilaga alikuwa ameitazama mikono ile na kuiona ya Gwamaka.

Leo aliona kwamba Mazengo amechanika mdomo.

"Kanuni yetu?" Gwamaka aliuliza.

"Usiombe, amua!" wateja waliitikia, na wahudumu waliokuwa nyuma yao, wenye miwani na vizibo, wakapiga makofi wote kwa pamoja.

"Mwalimu, nina swali," Subilaga alisema. "Juzi nilimpiga mhudumu wangu kwa mkono wake mwenyewe. Sikuamua. Nilikasirika tu."

Alitarajia ukumbi ungeshtuka. Mwanamke mmoja wa mbele alitabasamu, jinsi watu wazima wanavyomtabasamia mgeni aliyeuliza choo kiko wapi.

"Huo tunauita mfoko," Gwamaka alisema kwa upole. "Hisia hufika kwenye soksi kabla ya wazo. Tutausoma wiki ijayo, usiwe na wasiwasi. Ni jambo la kawaida."

"La kawaida?"

"Mimi nikiota vibaya," alisema mzee mmoja aliyekuwa pembeni, kwa sauti ya mtu anayeeleza tabia ya gari lake, "wangu anajikaba. Kola nalala nayo, naye halali bweni, analala kwangu, maana usiku napenda kujigeuza mwenyewe. Sasa tunamfunga mikono kwenye kitanda kwa khanga. Tangu hapo hatujapata shida."

Nyuma ya mzee alisimama kijana mwembamba. Vidole vyake vilikuwa vinachezea kifungo cha shati la mzee, polepole, huku na huku. Muziki ulisikika kidogo ukitoka kwenye vizibo vyake. Hakujua kwamba anazungumziwa.

Subilaga aliyaondoa macho kwa kijana yule, akamtazama mwalimu.

"Wapeni neno la kuzima," alisema. "Na wao wawe nalo. Wakiumia, waseme, soksi zizime."

Mikono ya Mazengo ilikutana mbele ya kifua cha Gwamaka, vidole vikashikana.

"Tulijaribu hapo mwanzo," mwalimu alisema. "Fikiria, Subilaga. Uko barabarani unaendesha kiti, mhudumu anaamua amechoka, mikono inakufa. Au unajipaka dawa, au umeshika mtoto. Tumeishi maisha yetu yote tukisubiri watu waamue wamechoka au hawajachoka. Mikono yenye maoni si mikono yako. Ni msaada tu, kama ule wa zamani." Alimtazama machoni, na hakukuwa na ukatili usoni mwake. "Unataka kurudi kule?"

Subilaga hakutaka kurudi kule.

"Mwondoleeni vizibo," alisema mwishowe. "Mazengo. Asikie tunachosema."

Mkono wa kulia wa Mazengo ukapanda, ukapita shavu la mwalimu, ukaenda juu hadi kwenye sikio la mwenye mkono, na kukishindilia kizibo ndani zaidi.

*

Asubuhi iliyofuata Mwasiti alifika na soksi zake kama kawaida. Mama alimpokea, akamwekea chai, lakini hakumvalisha Subilaga kola.

"Keti mbele yangu," Subilaga alimwambia Mwasiti. "Nataka kuiacha huduma hii."

Mwasiti aliweka kikombe mezani. Kwa kuwa kola haikuwa shingoni mwa mtu, soksi zilimwachia nafasi kidogo, na aliweza kukishika kwa viganja viwili.

"Umenichoka, dada?"

"Nimejichoka mimi."

"Ukiniacha, Jumatatu nitakuwa kwa mtu mwingine."

"Basi acha kazi hii. Rudi kwenu Handeni."

Mwasiti alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nikafanye nini na mikono hii? Nilimaliza likizo nyumbani, sikuweza kufunga vifungo vya mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nasuka nywele mimi. Watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kusukwa na mimi. Sasa kuna kitu kimoja tu mikono yangu inakijua, nacho ni kungoja mtu mwingine."

Mama alitoka nje. Walimsikia akipenga kamasi uani.

"Unataka nini, Mwasiti?" Subilaga aliuliza. "Sema unachotaka, nitafanya."

"Usiniulize hivyo."

"Vipi?"

"Kama unanigawia kitu." Sauti yake ilikuwa imepanda, na ilionekana imemshtua mwenyewe, maana aliangalia mlangoni. Kisha akaendelea kwa chini. "Wewe ulikaa miaka bila kushika kitu, ukapewa mikono. Ningekuwa wewe, nami ningeichukua. Sikulaumu kwa hilo. Lakini usinitazame kwa huruma halafu unichagulie wewe."

Mwasiti ndiye aliyetoa wazo.

"Nitavaa kwa ajili ya udongo tu. Kuoga, kula, kuvaa, tutafanya bila soksi, utanielekeza kwa mdomo, nami mikono yangu itapata kazi. Kwenye udongo, nikisema basi, unasema lile neno. Papo hapo. Najua ni lazima litoke kwako. Ila mimi ndiye nitakayekuambia lini."

Subilaga alihisi kitu kama kufunguliwa mlango. Angekuwa na udongo wake. Hangekuwa kama yule mzee. Hangekuwa kama Gwamaka. Alikubali haraka sana, akicheka na kulia, na mama akaitwa kuja kumvalisha kola.

Udongo ulikuwa mzuri siku hiyo. Mama alikuwa ameuchekecha upya, hauna mchanga. Subilaga aliuweka katikati ya gurudumu, akaufungua kwa vidole gumba, akaupandisha. Ukuta uliinuka mwembamba na mtulivu, na kila alipouuliza kwa ncha za vidole ulimjibu. Alisahau kuwa nyuma yake kuna mtu anayepumua. Aliingia kwenye tumbo la mtungi, akaliviringa, akaanza kulikusanya bega, akafika shingoni. Pale pale ulipoanguka siku ile. Alizuia pumzi.

"Basi, dada," Mwasiti alisema.

Subilaga alisikia. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakusikia, kwamba gurudumu lilikuwa na kelele, lakini alisikia vizuri kabisa. Mdomo wa mtungi ulikuwa unafunguka kati ya vidole vyake kama ua. Ulihitaji mzunguko mmoja zaidi. Labda miwili.

"Dada. Basi. Bega linauma."

Kidogo tu, Subilaga aliwaza. Vidole vikaendelea. Vilikuwa vyepesi, vya uhakika, vitamu, na yeye akavitazama vikinyoosha ukingo.

"Dada!"

Mtungi ulikamilika. Ndipo akasema, "Pumzika."

Mikono ilianguka. Mwasiti aliinama mbele, paji la uso likaegemea mgongo wa kiti, akapumua kwa nguvu. Gurudumu liliendelea kuzunguka na mtungi juu yake, uliosimama vizuri, mzuri kuliko yote aliyowahi kufinyanga, hata kabla ya ajali.

Kofi Subilaga alikuwa ameweza kulisingizia kuwa ni mfoko. Alijiambia hasira ilimtangulia, kwamba kola ndiyo iliyokosea. Hiki hakikuwa mfoko. Alikuwa ametulia. Alikuwa na akili zake zote. Alisikia mtu akiomba, akapima maumivu yake na ukingo wa mtungi, na akachagua mtungi.

"Mama," aliita, na sauti haikutoka vizuri. "Mama! Nivue hiki kitu. Nivue sasa hivi."

"Sema tu pole, dada," Mwasiti alinong'ona nyuma yake. "Tutajaribu tena kesho. Utazoea."

"Hapana. Ndicho ninachoogopa. Kwamba nitazoea."

*

Gwamaka alipiga simu ya video siku ileile. Mazengo hakuonekana, ila mikono tu, imeshika kikombe.

"Nimesikia umezima soksi na hutaki mhudumu arudishwe," alisema. "Hilo haliwezekani. Mhudumu huja na soksi."

"Mwalimu, nani anaamua huduma yangu itolewe vipi?"

"Wewe, lakini..."

"Nimeamua. Yangu itatolewa kwa mdomo wangu na masikio yake. Akisema hapana, nitasubiri au tutagombana. Mwasiti anabaki hapa kwangu, amekubali mwenyewe, na soksi njooni mchukue."

"Unajua unachokiacha?" Mwalimu hakuwa anatishia. Aliuliza kama mtu aliyewahi kujiuliza.

Subilaga aliangalia kupitia dirishani kuelekea karakana. "Najua," alisema. "Wewe unajua unachokishika?"

Kikombe kilibaki hewani kwa muda. Kisha simu ikakatika.

Subilaga hakulala vizuri. Asubuhi alitaka mikono yake kama mtu anavyotaka maji, na kwa dakika kadhaa alimchukia Mwasiti kwa sababu tu alikuwa na vidole. Mwasiti aliingia na beseni na kitambaa, mikono mitupu, ngozi yake imepauka na kukunjamana pale soksi zilipokuwa. Alikikamua kitambaa kwa shida. Maji mengi yalimwagika sakafuni.

"Anza na paji la uso," Subilaga alisema. "Usisugue. Kushoto kidogo. Hapana, kushoto kwangu. Sasa nikalishe wima nijione kwenye kioo."

"Hapana."

Subilaga alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Mikono haijapata nguvu ya kukunyanyua, nitakuangusha. Tumsubiri mama arudi kutoka dukani."

Hasira ilipanda, ileile, ikaenda mbio kutafuta mkono. Haikuupata. Ilizunguka kichwani mwa Subilaga, ikamchoma macho, na hakuna kilichotokea chumbani isipokuwa Mwasiti kusimama pale na kitambaa kinachotiririka, akimtazama, akingoja kuona itakuwaje.

"Haya," Subilaga alisema, na neno lilikuwa gumu kutoka. "Tumsubiri."

Mwasiti alishusha pumzi. Aliinama, akaendelea kumfuta.

Kwa kipindi chote cha soksi, Subilaga alipofutwa uso alihisi pande zote mbili, uso na kiganja, na hapakuwa na mtu mwingine katikati. Sasa kitambaa kilipita vibaya, kikamwingia sikioni, na nyuma yake vikaja vidole vya baridi, vyenye sugu, visivyo na uhakika, vikasimama shavuni mwake kujua kama pamekauka. Hakujua vingeenda wapi baada ya hapo. Alifumba macho, moyo ukimdunda, akasubiri avihisi tena.